Kupanda mlima wenye msitu kwa siku moja wakati wa kiangazi: mwongozo kamili, kuanzia hesabu ya muda mpaka viatu vikauke

Mlima wenye msitu unadanganya watu wengi kwa sababu una kivuli. Mtu anaangalia picha, anaona miti mikubwa, kijani kila mahali, njia imetulia, anasema hapa hata na raba na kachupa kamoja ka maji natoboa, tena ni kiangazi (yaani msimu wa joto wa nchi kama za Ulaya na Amerika Kaskazini), jua linachelewa kuzama, shida iko wapi? Shida ni kwamba msitu unakuziba macho. Anayepanda mlima usio na miti anaona wingu linavyojijenga kwa mbali, anaona kilele kimebaki umbali gani, anaona jua limefika wapi. Wewe huoni hata kimoja. Na jioni giza linaingia chini ya miti mapema kuliko nje, yaani kule juu anga bado lina mwanga na wewe tayari unajikwaa kwenye mizizi. Kwa hiyo mlima wa aina hii unaendeshwa kwa saa, sio kwa macho, na ndo maana naanza na saa kabla ya viatu, kabla ya begi, kabla ya kitu kingine chochote.

HATUA YA 1: PIGA HESABU YA MUDA UKIWA BADO NYUMBANI

Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima mmoja Mskoti, William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na mpaka leo watu wanaitumia kwa sababu ni rahisi na inafanya kazi. Kila kilomita 5 za njia hesabu saa moja, halafu kila mita 600 za kupanda juu ongeza saa moja nyingine. Basi.

Tuchukue mfano. Njia ni kilomita 12 kwenda na kurudi, na toka unapoanzia mpaka kileleni unapanda mita 900. Kilomita 12 zinakupa masaa 2 na dakika 24, mita 900 zinakupa saa 1 na nusu, jumla karibu masaa 4. Sasa hapo usifurahi, maana hiyo hesabu ni ya mtu aliyezoea, hana mapumziko, hana picha, na njia ni nzuri. Kama nyie ni watu wa kawaida, mna mmoja au wawili ambao hawajawahi, zidisha mara moja na nusu, inakuja karibu masaa 6, ongeza saa nzima ya kupumzika na kula, mshafika masaa 7. Mkianza saa 12 na nusu asubuhi mnarudi chini saa 7 na nusu mchana. Mkianza saa 4 asubuhi kwa sababu kuna mtu alichelewa kuamka, mnarudi saa 11 jioni, na katikati hapo mmekutana na joto la mchana na radi za alasiri. Mlima ni uleule, njia ni ileile, ila siku ni mbili tofauti kabisa.

Umbali na mwinuko unavipata kwenye ramani. Mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) ikiwa imebanana ujue hapo ni mwinuko mkali, ikiachana ni tambarare. Ramani nyingi za kutembelea toka mstari mmoja mpaka mwingine ni mita 10 au 20 za kimo, imeandikwa pembeni, soma kabla ya kuhesabu maana ukikosea hapo hesabu yote imeharibika.

Ukishapata muda, panga SAA YA KUGEUKA. Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndo inayorukwa kuliko zote. Kwenye mfano wetu kilele mnakifikia kama saa 5 hivi, kwa hiyo saa ya kugeuka iwe saa 6 mchana, na ikifika saa 6 popote mlipo mnageuka, hata kama mtu anayeshuka amewaambia kimebaki kidogo tu. Ipangwe nyumbani na kila mtu aikubali kabla ya kutoka, kwa sababu kule juu kila mtu amechoka na hamna mtu aliyechoka anayepiga hesabu vizuri, wote mnataka kilele tu. Ikishasemwa mapema haimfedheheshi mtu, ni saa imefika, basi.

HATUA YA 2: HALI YA HEWA, NA KWA NINI ALASIRI

Kiangazi jua linapasha ardhi toka asubuhi, hewa yenye joto na unyevu inapanda juu, mlima wenyewe unaisukuma ipande zaidi, ikifika juu inapoa na kuwa wingu, wingu linakua kwenda juu kama koliflawa, mchana ukigeuka linakuwa wingu la radi. Ndo maana asubuhi inaweza kuwa safi kabisa na saa 9 mchana mnapigwa na mvua ya mawe. Kwa hiyo soma utabiri wa mlima wenyewe, sio wa mji ulio chini, na uangalie saa kwa saa, usiishie kwenye ile picha ya jua ya siku nzima.

Joto nalo linashuka wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1000 unazopanda. Chini ni nyuzi 30, juu mita 900 baadaye ni kama 24, sio baridi, ila umelowa jasho na umetoka kwenye miti ukakutana na upepo, utatetemeka. Na jua lenyewe linakuwa kali zaidi, miale inayounguza ngozi inaongezeka kama asilimia 10 kila mita 1000, kwa hiyo ile sehemu ya juu isiyo na miti usiichukulie poa, kofia na mafuta ya jua.

HATUA YA 3: NGUO, VIATU, BEGI

Jinzi acha. Tisheti ya pamba pia acha, pamba inanyonya jasho na inakaa nalo, ukisimama inakupoza mpaka mifupani. Vaa kitambaa cha michezo kinachokauka haraka au sufu nyepesi. Suruali iwe ndefu na nyepesi, najua ni joto, lakini msituni kuna kupe, kuna upupu na miiba, na miguu iliyofunikwa inakuokoa na vyote hivyo kwa wakati mmoja. Beba na tisheti moja kavu kwenye mfuko wa plastiki, kazi yake nitaisema tukifika kileleni.

Viatu: visiwe vipya siku hiyo. Viwe na soli yenye meno, na mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole cha mkono, maana miguu inavimba kwenye joto na wakati wa kushuka vidole vinasukumwa mbele, ukivaa vya kubana kucha zinakuwa nyeusi. Soksi za sufu au sintetiki, pea moja ya akiba.

Kwenye begi weka maji, chakula, jaketi la mvua, tochi ya kichwani yenye betri mpya (ndio, hata kama mnarudi mchana, tochi ndo kitu kinachogeuza kuchelewa kukawa kuchelewa tu badala ya kulala porini), filimbi, ramani ya karatasi, pawabanki, plasta na bendeji, kibano kidogo, dawa zako binafsi, na mfuko wa taka. Kisu kidogo kikiwepo sawa. Mengine yote ni uzito.

Maji yanahitaji maelezo kidogo. Kadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea, kukiwa na joto kali inaweza kufika karibu lita, kwa hiyo kwa masaa 6 mtu mmoja beba lita 3. Ni nzito, ndio, lakini zinapungua kadri unavyokwenda. Usitegemee vijito, kiangazi vingi vinakauka, na maji ya mlimani hata yakiwa meupe kama kioo yanaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha ambavyo vinakuja kukushika wiki moja au mbili baadaye ukiwa ushasahau. Ukilazimika, chemsha mpaka yatokote dakika 1, ukiwa juu ya mita 2000 dakika 3, au beba vidonge vya kusafishia maji na ufuate maelekezo ya pakiti. Kitu kingine ambacho watu hawakisemi: kunywa maji matupu mengi mno bila kula chochote cha chumvi nako ni hatari, chumvi kwenye damu inashuka, mtu anaumwa kichwa, anatapika, na wenzake wanamwongezea maji wakidhani ni kiu. Kunywa kidogokidogo, kula kitu chenye chumvi njiani, angalia na mkojo wako, ukiwa rangi ya njano hafifu uko sawa.

HATUA YA 4: MWACHIE MTU TAARIFA

Mtumie mtu mmoja unayemwamini ujumbe wenye vitu vinne: mlima gani na njia gani, mko wangapi, mtashuka saa ngapi, na saa ngapi aanze kutafuta msaada asiposikia kitu. Hiyo ya nne ndo inasahaulika. "Tunarudi jioni" sio taarifa, jioni ni saa ngapi?

Ihifadhi namba ya uokoaji ya eneo hilo. Ulaya nchi zote za Umoja ni 112, Marekani na Kanada ni 911. Simu ya dharura inaweza kupita kwenye mtandao wowote ulio karibu hata kama sio wa laini yako, na mahali ambapo simu haitoki ujumbe mfupi mara nyingi unapenya. Pakua ramani kwenye simu kabla, halafu ukianza kutembea weka simu kwenye hali ya ndege, GPS itaendelea kufanya kazi na chaji itadumu, kwa sababu kinachomaliza chaji porini ni simu kuhangaika kutafuta mtandao.

HATUA YA 5: KUPANDA

Nusu saa ya kwanza nenda polepole mpaka uone kama unapoteza muda. Hupotezi. Mwili unahitaji kupata moto, na wanaotoka kwa mbio ndo haohao mnaowakuta wamekaa juu ya gogo saa moja baadaye, uso mwekundu, hawataki hata kuongea. Kipimo ni hiki: uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza. Penye mwinuko mkali fupisha hatua, kanyaga kwa unyayo mzima, usiende kwa ncha za vidole maana utaua misuli ya nyuma ya mguu.

Anayekwenda taratibu kuliko wote akae mbele. Akikaa nyuma kila siku anafika mmeshapumzika, mnainuka, yeye hapumziki kabisa, na ndivyo watu wanavyoachana msituni, na msituni mita 50 tu zinatosha msionane.

Kila saa simama dakika 5 mpaka 10, kunywa, tafuna kitu, endelea. Ukikaa nusu saa misuli inapoa na kuinuka inakuwa kazi upya.

Ukihisi joto au msuguano kwenye kisigino SIMAMA HAPOHAPO, usiseme ntaangalia kileleni. Vua kiatu, kausha mguu, toa mchanga, bandika plasta pale palipo pekundu, lainisha na vidole isiwe na mkunjo hata mmoja, vaa soksi ukiivuta taratibu isiiburute plasta. Dakika 3 hizo zinakuokoa na lengelenge ambalo lingekufanya uchechemee kilomita 6 za kushuka.

Joto la msituni nalo lina ujanja wake. Kuna kivuli, lakini chini ya miti upepo ni mdogo na unyevu ni mwingi, jasho halikauki, na jasho lisipokauka halikupozi. Mwenzako akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi imelowa, kaeni, mpeni maji na chumvi kidogo, mlegezeni nguo, mloweshe shingo na kichwa, mpepeeni. Lakini akianza kuongea visivyoeleweka, kupepesuka kama mlevi au kuzimia, hiyo sio uchovu tena, ni kiharusi cha joto, mwili umefika nyuzi 40 au zaidi, piga namba ya uokoaji na mpozeni kwa maji yote mliyonayo, mwili mzima, msisubiri.

HATUA YA 6: NJIA USIIPOTEZE, NA UKIIPOTEZA

Njia nyingi zina alama za rangi kwenye miti au mawe. Ukitembea dakika 10 hujaona alama, rudi mpaka ile ya mwisho uliyoiona, usikate kwenda mbele ukiamini itatokea. Kila penye njiapanda geuka uangalie nyuma ulikotoka, maana wakati wa kushuka utaiona kwa upande ule na haitafanana kabisa na ulivyoiona ukipanda. Piga na picha, ina saa ndani yake, itakusaidia.

Mkipotea: simameni. Kaeni chini, kunyweni maji, angalieni ramani, kumbukeni mara ya mwisho mlikuwa na uhakika wapi na ni dakika ngapi zimepita. Kama mnaweza kurudi kwa nyayo zenu rudini. Kama hamwezi, bakini. Usifuate kijito kushuka, hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wengi wanaamini maji yatawapeleka kwa watu, wakati maji yanakwenda panapoteremka haraka, na hapo ndo kwenye maporomoko na magenge, unajikuta mahali ambapo huwezi kushuka na huwezi kupanda tena. Puliza filimbi. Ulaya ishara ya kuomba msaada mlimani ni mara 6 ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Ukijibiwa utasikia mara 3. Amerika Kaskazini wanatumia 3 kuomba msaada. Usiku fanya hivyohivyo kwa tochi.

HATUA YA 7: RADI

Kwa kuwa wingu hulioni, jifunze dalili nyingine: mwanga unafifia ghafla mchana kweupe, na unakuja upepo wa baridi wa ghafla unaoshuka toka juu wakati dakika moja kabla hewa ilikuwa imesimama. Ngurumo ya kwanza ukiisikia tayari uko ndani ya eneo ambalo radi inaweza kukufikia. Hesabu sekunde toka mwako mpaka ngurumo, gawanya kwa 3, unapata kilomita. Ila msiendelee kuhesabu mkiwa mnapanda, geukeni.

Mkiwa kileleni au kwenye ukingo wa wazi, shukeni mara moja. Mkiwa msituni, mahali pabaya ni chini ya mti mmoja mrefu kuliko mingine yote au mti uliojitenga, pazuri kidogo ni kwenye miti mifupi inayolingana, mbali na kijito na uzio wa chuma. Achianeni nafasi, mkikumbatiana radi moja inawachukua wote. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Na mtu akipigwa na radi mguse tu, hana umeme mwilini, kama hapumui na moyo hauendi anza kumkandamiza kifua hapohapo, wengi wanapona. Kuna mlinzi wa hifadhi ya Shenandoah kule Marekani, milima yenye msitu kama hii tunayoongelea, Roy Sullivan, alipigwa na radi mara 7 kati ya 1942 na 1977 na akaishi. Usichukue kama leseni.

HATUA YA 8: KILELENI

Kabla hujapiga picha, vua ile tisheti iliyolowa, vaa kavu, jaketi juu kama kuna upepo. Kula sasa, hata kama huna njaa. Dakika 20 mpaka 30 zinatosha. Angalia saa, angalia anga maana hapa ndo mahali pekee siku nzima unapoliona lote, kaza kamba za viatu, shukeni.

Haja kubwa ikikushika, nenda angalau mita 60 toka kwenye maji na njia, chimba shimo la sentimita 15 mpaka 20, fukia. Karatasi irudi kwenye mfuko wa taka.

HATUA YA 9: KUSHUKA

Watu wanadhani kazi imeisha. Mapaja yamechoka, akili ishafika nyumbani, na vifundo vya miguu vinateguka wakati huu. Kamba za viatu zikaze hasa pale kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele. Kunja magoti kidogo, hatua fupi, uzito wako uwe juu ya miguu yako sio nyuma, mtu akiogopa anaegemea nyuma na akiegemea nyuma ndo anateleza. Mzizi uliolowa usiukanyage, uruke, hasa ule uliolala mshazari na umemenyeka gome, hauna tofauti na sabuni. Majani makavu mengi yanaficha mawe na mashimo, gusa na fimbo kwanza. Kama una fimbo za kurefusha ziongeze sentimita 5 mpaka 10, zinapunguza mzigo kwenye magoti.

Usiweke mkono juu ya jiwe au nyuma ya gogo kabla hujapaona. Ukiumwa na nyoka usikate, usinyonye, usifunge kamba. Tulia, mguu usitikisike, piga simu, ubebwe ikiwezekana.

HATUA YA 10: UKIFIKA CHINI

Mjulishe yule uliyemwachia taarifa, kabla hata ya kuvua viatu.

Halafu kupe. Jikague siku hiyohiyo bafuni: nyuma ya magoti, kinena, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Ukimkuta, mshike na kibano karibu kabisa na ngozi, sio tumboni, mvute moja kwa moja kwa nguvu ya taratibu bila kuzungusha. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Osha kwa sabuni. Kwenye misitu ya Ulaya na Amerika Kaskazini baadhi ya kupe wanabeba ugonjwa wa Lyme (maambukizi ya bakteria), na mara nyingi inabidi wakae wamekung'ang'ania zaidi ya siku nzima ndo wakuambukize, kwa hiyo kukagua usiku huohuo kuna maana kubwa.

Viatu vitoe soli za ndani, vijaze magazeti, viweke kivulini penye hewa, sio karibu na moto maana gundi inaachia. Na kwa mwezi mmoja hivi angalia ngozi yako: ukiona wekundu unaotanuka kila siku pale alipokuwa kupe, au homa bila sababu, nenda hospitali na umwambie daktari wazi kwamba ulikuwa msituni, na tarehe gani.